Jiwe Lililopita Ukutani

Jumamosi ya pili ya Agosti, mwaka wa 1994, asubuhi ya saa mbili hivi, Kepher Ooko alifungua ukumbi wa Klabu ya Gofu ya Simotwet, akaingia hatua chache, akasimama. Ukutani, kando ya jiko la kuotea moto, palikuwa na tundu ambalo mtu angeweza kupitisha kichwa na mabega. Jana yake mahali hapo palikuwa na jiwe.

Ooko hakupiga kelele. Alitoka, akaufunga mlango tena kwa ufunguo, akaenda kumwita katibu wa klabu, Bwana Makori, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kutoka Kericho mjini. Wakarudi pamoja kulitazama tundu. Utulivu huo ndio uliomponza, kwa sababu Makori alishikilia baadaye kwamba mtu asiye na hatia angepiga mayowe mpaka wachuma chai waache vikapu shambani.

Sajini Priscah Chepkurui alifika saa nne na Landrova ya kituo, buti zake zimejaa tope la Litein. Alikuwa mzaliwa wa Kapkatet, na katika kazi yake alikuwa ameshughulikia ng'ombe walioibwa, majani chai yaliyoibwa, na mara moja paa zima la kanisa. Lakini jiwe lilikuwa jipya.

"Ni jiwe la thamani?" aliuliza.

"Hapana, ni jiwe tu," alisema Makori.

"Kama yale ya barabarani?"

Makori, mtu mwembamba mwenye tai hata siku ya mapumziko, alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama Biblia ni kitabu tu. Alieleza kwamba jumba hilo lilijengwa mwaka wa 1926 na Wazungu wa kwanza wa chai, kuta za mawe, paa la vigae vya mbao za mtarakwa, veranda ndefu mbele. Kando ya jiko la moto fundi alitia jiwe moja tofauti na mengine, jeusi, laini, refu kama mkono, lenye bonde katikati. Kila mchezaji alipokwenda uwanjani aliweka kiganja katika bonde lile apate bahati. Wazungu walifanya hivyo, na Waafrika walipoingia klabuni baada ya Uhuru wakafanya hivyo hivyo.

"Na nani alichonga hilo bonde?"

"Nafikiri huyo fundi. Alitaka mahali pa kuweka mkono."

Priscah aliingia ukumbini na akachanganyikiwa pale pale mlangoni. Sakafu ya mbao ilikuwa imepigwa nta hadi aliona ndani yake kivuli cha kofia yake. Chini ya tundu palikuwa na punje chache tu za chokaa, ambazo zingeenea kwenye kijiko. Mtu ameng'oa jiwe zito ukutani, na hapa chini hakuna vumbi, hakuna mkwaruzo, hakuna alama ya kiatu. Madirisha yote yalikuwa na komeo za ndani, na zote zilikuwa mahali pake. Alichungulia ndani ya tundu akaona giza na mbao.

"Hii nta ni ya lini?"

"Ya jana," alijibu Ooko. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mzaliwa wa upande wa ziwa, aliyekuwa msimamizi wa jumba hilo tangu ujana wake. "Leo ilikuwa tuwe na chakula cha sherehe. Nilipaka mpaka saa saba mchana, nikafunga ikauke. Hakuna mtu ameingia tena, madam."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Moja ni yangu, na ingine ni ya Bwana Makori."

"Na mimi jana nilikuwa Kericho mchana kutwa," Makori aliingilia, "kwa kamati ya kanisa. Uliza pasta. Mlango haijavunjwa, dirisha haijavunjwa, ufunguo ni yake. Sajini, sasa unataka nini ingine?"

Priscah alitaka vumbi. Alimuuliza Ooko kama alifagia asubuhi. Ooko alisema hakugusa kitu. Makori akacheka kwa pua, akasema mtu ambaye kazi yake ni kufagia hawezi kushindwa kufagia alama zake mwenyewe. Lilikuwa neno zuri, na Priscah akageukia sababu.

"Na hilo jiwe lina faida gani kwake?"

"Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja Mzungu, mjukuu wa yule fundi. Alilipiga picha sana. Nani alikuwa anamtembeza? Ooko. Nani alipewa kadi yenye anwani? Ooko."

Ooko alitoa kadi mfukoni bila kuombwa. Alisema mzee yule alirudi kwao Ulaya wiki iyo hiyo, na alichoomba ni kutumiwa picha za sherehe. Ilikuwa kweli, lakini ukweli wake ulisikika kama uongo, kama inavyotokea mtu akiulizwa huku amezungukwa na wakubwa wenye hasira. Wakubwa hao walikuwa wameanza kujaa verandani na mifuko yao ya gofu, wakilalamika kwamba hawawezi kucheza bila kugusa jiwe. Mmoja wao alikuwa amekwisha kumpigia simu mkuu wa kituo. Kabla ya saa sita amri ikafika kwenye redio ya Landrova: Ooko awekwe ndani.

Priscah alimpeleka mwenyewe. Hakumfunga pingu.

"Madam," Ooko alisema njiani, "mimi sina shida na seli. Lakini kamati imekaa asubuhi. Wamesema mke wangu Jerusa atoke kwa nyumba tuliyopewa na klabu leo, kabla jua kuzama. Wote waliinua mkono. Tukitoka hivyo, nani atatupatia kazi tena? Na unajua vile huku kumekuwa tangu yale mapigano ya makabila ya mwaka tisini na mbili. Ndugu zangu wa Chepilat walitoka usiku, hawakurudi. Mimi nilibaki kwa sababu hapa kila mtu ananijua."

Priscah alijua vile kumekuwa. Alisema atajaribu, neno ambalo polisi hulisema mara nyingi, na akajisikia vibaya kwa kulisema.

Aliporudi Simotwet mchana, alianza na aliyekuwa na domo kubwa zaidi. Alikuwa amesikia kwa mpishi kwamba Makori kwa mwaka mzima amekuwa akitaka ukuta ule ubomolewe ili baa ipanuliwe, na kwamba wanachama walimkatalia kwa ajili ya jiwe.

"Jiwe likiondoka, ukuta hauna wa kuutetea," alimwambia. "Si ni kweli?"

Makori alikasirika, kisha akachoka ghafla na kuketi. "Ni kweli nilitaka. Kapteni wetu wa klabu ndiye alinipinga zaidi, alisema ukuta usiguswe hata msumari. Lakini Sajini, mimi nina ufunguo. Ningetaka kutoa jiwe ningetoa kwa mlango, na ningeacha vumbi kila mahali, kwa sababu mimi sijui kufagia. Uliza mke wangu."

Priscah aliuliza pasta badala ya mke, kwa simu ya ofisini, na pasta akasema Makori aliongea kwenye kamati mpaka wazee wakasinzia. Basi huyo alikuwa ametoka kwenye orodha. Alibaki Ooko peke yake, na lile tundu, na sakafu inayong'aa. Priscah alihisi kichwa kimejaa pamba. Kila alichokigusa kilimrudisha kwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa unamwambia siye, na moyo si kitu cha kupeleka mahakamani.

Alitoka nje kupunga hewa. Ng'ambo ya veranda, nyuma kidogo upande wa vyumba vya kubadilishia nguo, palikuwa na shimo la tisa, la mwisho. Simotwet ilikuwa klabu ya zamani na maskini, na kuzunguka mashimo yake hakukuwa na nyasi fupi za kijani kama kwenye klabu za Nairobi. Kulikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya trekta, mweusi na mgumu, ambao wachezaji waliuita brauni. Jana alasiri mvua ya mawe ilikuwa imeupiga ukajaa vidoti kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Lakini mstari mmoja ulipita katikati ya vidoti hivyo, mpana kama mlango, laini, umenyooka kutoka upande wa vyumba vya kubadilishia nguo hadi upande wa magari.

Priscah aliutazama kwa muda mrefu. Hakuwa ameshika kijiti cha gofu maishani, na watu wazima wanaotembea maili nyingi kufuata mpira mdogo walimshangaza. Alikuwa bado anautazama alipokuja Joel Ng'eno.

Ng'eno alikuwa kapteni wa klabu, wa kwanza kutoka kwa watu wa Simotwet wenyewe. Alikuwa na shamba la chai na duka la vifaa vya ujenzi Litein, mtu mkubwa wa mwili, sauti ya taratibu. Walisalimiana kwa Kipsigis, kisha wakaendelea kwa Kiswahili kwa sababu kedi, kijana mbeba mifuko asiyejua Kipsigis, alikuwa karibu.

"Pole kwa kazi, Sajini. Hii kitu imetuaibisha."

"Kapteni, nifundishe. Huu mchanga unalainishwaje?"

Ng'eno alionekana kufurahi kuulizwa jambo jepesi. Alimwonyesha gunia lililofungwa kwenye ubao wenye mpini, lililolala kando. "Asubuhi, kedi anaburuta hii. Anaanza kwa shimo, anazunguka akienda nje mpaka aimalize yote. Ukipita bila kulainisha ni tabia mbaya sana. Kama kutema mate kwa sebule ya mtu."

"Kila mtu anazunguka hivyo?"

"Kedi na wafanyakazi. Mchezaji hana ruhusa ya kulainisha yote. Yeye anaburuta njia moja tu, kutoka mpira yake mpaka shimo, ili mpira ipite. Ni sheria. Unazoea hata mkono unafanya wenyewe."

"Na leo kedi hajaburuta?"

"Nilisema wasiguse kitu mpaka polisi wamalize."

"Basi huu mstari ni wa mchezaji. Na ni wa jana baada ya mvua ya mawe, kwa sababu vidoti havimo ndani yake."

"Itakuwa hivyo."

"Lakini haufiki kwa shimo, Kapteni. Umepita kando yake, umeenda kwa magari."

Ng'eno aliutazama mstari. "Basi huyo hajui mchezo," alisema, akaenda kuwatuliza wanachama wake.

Priscah alibaki na mawazo yaliyogongana. Kama aliyepita pale alikuwa mchezaji, hakuwa Ooko, kwa kuwa Ooko angezunguka kama mfanyakazi au asingelainisha kabisa. Lakini mchezaji angeingiaje katika ukumbi uliofungwa, akanyage nta mbichi na asiache alama? Lilikuwa jambo lisilowezekana. Alirudi verandani akaketi chini ya picha za zamani zilizotundikwa huko, akaagiza chai, na kwa kukosa la kufanya akaanza kuzitazama picha.

Moja ilimsumbua. Ilionyesha Wazungu waliovaa soksi ndefu, wamesimama mbele ya ukuta wa mawe wenye bomba kubwa la moshi, nyasi miguuni mwao. Chini iliandikwa 1926. Hakulitambua jumba. Halikuwa na upande kama huo. Alitoka akalizunguka mara mbili, akihesabu pembe kama mnunuzi wa ng'ombe mwenye wasiwasi, na hakuona popote ukuta ule wala bomba likianzia chini. Bomba la moshi lilichomoza juu ya paa katikati ya jumba, mbali na kuta za nje.

"Mzee," alimwita mpishi, "hii picha ni ya klabu gani?"

"Ni hii hii. Hapo ni kabla wajenge vyumba vya kubadilisha nguo. Hizo zilikuja baadaye, miaka ya hamsini. Waliziegemeza tu kwa ukuta, wakafunika na mbao."

Priscah alikaribia picha hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Kando ya bomba la moshi, juu ya bega la Mzungu mmoja, katikati ya mawe ya kijivu, lilionekana jiwe jeusi, mgongo wake nje. Jiwe lilikuwa limepita ukuta mzima. Lilikuwa na uso ukumbini na mgongo nje, na nje ile sasa ilikuwa ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo, ambavyo jana vilikuwa wazi kwa wachezaji mpaka jioni.

Basi hakuna aliyekanyaga nta. Jiwe lilivutwa kutoka nyuma, na vumbi lote likaangukia huko. Alihisi furaha ambayo haikudumu, kwani palepale alikumbuka jambo jingine, na hilo likamtia ubaridi. Jiwe jeusi, laini, refu kama mkono, lenye bonde. Kwa nyanya yake Kapkatet lilikuwako moja jikoni, na hakuna Mzungu aliyelichonga. Bonde lilichimbwa na wanawake waliopiga magoti miaka na miaka wakisaga wimbi.

Alimwomba Makori ampeleke kwenye vyumba vya wanaume, akabisha, akaingia. Makabati ya mbao yalikuwa yamepangwa ukutani, moja moja na jina lake. Lililokuwa mwisho, mahali ambapo kwa hesabu yake ukuta wa ukumbi ulipita, lilikuwa pana kuliko mengine.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Kapteni," Makori alisema. "Kila kapteni anapewa hiyo, tangu zamani."

Ng'eno aliitwa. Alikuja, akaona Priscah alipokuwa amesimama, na hakuuliza kitu. Alitoa ufunguo akafungua. Ndani palikuwa na koti, viatu vya misumari, na taulo lililokuwa jeupe na sasa lina oili na chokaa. Priscah alilisogeza koti. Mbao za nyuma zilikuwa za zamani, zimekuwa nyeusi kwa umri, lakini misumari yake iling'aa. Alizisukuma, zikaachia, na mwanga wa ukumbi ukaingia kupitia tundu. Chini ya kabati, mchanga wa chokaa ulikuwa umelala rundo.

Makori aliketi kwenye benchi, kinywa wazi.

"Ulilitoa kwa kigari chako cha kukokotea mfuko wa gofu," Priscah alisema. "Nyasi zilikuwa zimelowa, ukapita kwa mchanga. Magurudumu yalikata, na ukalainisha."

"Sikukumbuka kama nimelainisha," alisema Ng'eno. "Mpaka uliponionyesha."

"Jiwe liko wapi?"

"Kwa mama yangu. Twende, Sajini. Nitakuambia mbele yake, kwa sababu siwezi kusema mara mbili."

Walifuata barabara ya Litein, Ng'eno mbele ndani ya Landrova kando ya dereva, Makori nyuma akiwa ameng'ang'ania kuja. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Sotik. Priscah alifikiri juu ya Jerusa na nyumba ya klabu.

Mama yake Ng'eno alikuwa ameketi jikoni kwake juu ya kigoda, shuka mabegani, mwanamke mkongwe ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Jiwe lilikuwa sakafuni mbele ya miguu yake. Priscah alimwamkia, akamwita Kogo, yaani nyanya, akapiga magoti ili wafikie kimo kimoja. Hapo walizungumza Kipsigis, na Makori alitafsiriwa kwa mnong'ono.

"Sema," Priscah alimwambia Ng'eno.

"Hapo penye klabu palikuwa kwao," alisema Ng'eno. "Mama alikuwa msichana mdogo. Wazungu walikuja, wao wakaambiwa watoke, mashamba ya chai yanaanza. Waliondoka na walichoweza kubeba. Jiwe la kusagia halibebeki, likabaki. Mwaka juzi nilimleta kwa sherehe ya Krismasi, nimeshakuwa kapteni, nikitaka aone mwanawe amefika wapi. Alisimama mlangoni, akaangalia ukutani kwa mbali, akasema, lile ni jiwe la mama yangu. Watu wanapitisha mikono wakicheka. Tangu siku hiyo hajala vizuri."

"Kwa nini hukuomba? Wewe ndiye kapteni."

"Niwaambie nini? Kwamba hiyo bahati yao ni ya kusagia wimbi ya nyanya yangu? Wangecheka, halafu wangesema ni historia nzuri sana, wangeiwekea kibao cha shaba na wangeendelea kuigusa. Mama angekufa ikiwa bado ukutani."

Priscah alimwelewa, na hilo lilimuudhi, kwa sababu alitaka kumkasirikia tu. "Na Ooko?"

Ng'eno aligeuza macho kwenye jiwe.

"Yuko seli tangu saa sita."

"Nilidhani watamwachilia Jumatatu. Hakuna ushahidi."

"Na mkewe anatolewa leo kabla jua kuzama. Kamati ilipokaa asubuhi, nani alikuwa mwenyekiti?"

"Mimi."

"Wote waliinua mkono."

"Nisingeinua, wangeuliza kwa nini."

"Angekuwa mtu wa hapa, Joel," alisema Makori kutoka mlangoni, kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, "ungeinua?"

Labda Makori alikuwa anajiuliza mwenyewe pia, kwa maana yeye ndiye aliyelitaja jina la Ooko kwanza.

Wakati wote huo kikongwe alikuwa amewageuzia sikio. Sasa aliinama, akaweka mkono kwenye jiwe, akaupitisha ndani ya bonde mbele na nyuma, polepole, kisha akarudia. Uso wake ulikunjamana.

"Ulileta hili jana nikiwa nimelala," alimwambia mwanawe. "Leo umenikalisha mbele yake ukaenda. Nimelishika kutwa, nikisema labda mkono wangu umezeeka. Hili si letu."

"Mama, ulilionyesha wewe."

"Niliona jiwe jeusi, na macho haya. Mama yangu alisagia mkono wa kushoto, bonde lake liliinamia huku. Hili limeinamia kule." Aliuondoa mkono. "Hili ni la mama wa mtu mwingine."

"Lakini ilikuwa mahali petu."

"Kwani ulidhani tuliondolewa peke yetu?"

Priscah, aliyekuwa amedhani hatimaye kila kitu kimekaa mahali pake, alihisi kimesambaratika tena. Kulikuwa na wizi, na mwizi, na kilichoibwa, na mwenye nacho hakujulikana, na pengine hakuwako tena mtu aliye hai wa kujulikana. Klabu ilikuwa imelalamika kwamba imeibiwa. Alijaribu kufikiri ataandika nini kituoni, akashindwa.

"Huyo mtu aliyefungwa," kikongwe aliuliza, "mnasema mkewe anaambiwa atoke lini?"

"Leo, Kogo. Jua likizama."

Alitafuta fimbo yake, akasimama bila kusaidiwa. "Nipelekeni."

Walipitia kituoni kwanza. Mkuu wa kituo alimsikiliza Ng'eno mwenyewe akisema alivyosema, akabadilika rangi, akaamuru seli ifunguliwe. Ooko alitoka akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Hakumtazama Kapteni. Priscah alimwambia yamekwisha, naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa.

Nyumba za wafanyakazi wa klabu zilikuwa nyuma ya ua wa miti ya mikaratusi. Jerusa, mke wa Ooko, alikuwa amekwisha kutoa karibu kila kitu nje: kitanda, sufuria, picha ya harusi yenye kioo, magunia mawili ya nguo. Wanachama kadhaa walikuwa bado verandani, na walipoona Landrova walisogea, vinywaji mikononi. Ng'eno alishuka akasimama mbele yao.

"Ni mimi nilichukua jiwe," alisema. "Ooko hajui kitu. Asubuhi niliinua mkono nikijua."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Mwingine alianza kusema kwamba hayo ni mambo ya ndani, yatamalizwa kiungwana na kamati. Priscah alimwambia kwamba Kapteni atakwenda naye kituoni na kamati inaweza kumwandikia barua huko.

Kikongwe hakuwajali. Alikuwa ametembea kwa fimbo moja kwa moja hadi penye vyombo, akavigusa kimoja kimoja kwa mkono, sufuria, kitanda, gunia. Akamfikia Jerusa, akamshika bega. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, cha watu waliochuma chai maisha yao yote.

"Mimi ni mama ya huyo mkubwa," alisema. "Mimi nilitoka hapa nikiwa mtoto. Hapa hapa. Mama yangu aliweka vyombo nje namna hii, jua ikiwa pale pale. Mtu akasema, haraka. Huyo mtoto wangu ni mimi nilizaa. Mimi naomba wewe msamaha."

Jerusa alianza kulia, ingawa alikuwa hajalia siku nzima. Alimketisha kikongwe kwenye kitanda chake kilichokuwa nje, na yeye akaketi kando yake.

Ndipo Ng'eno alipomkaribia Ooko. "Ndugu yangu," alianza, kisha akaliacha neno hilo. "Nyumba ni yako. Kazi ni yako. Hakuna mtu atakuambia utoke hapa."

Ooko aliviweka viatu chini akavivaa, akafunga kamba, kwanza mguu mmoja, kisha wa pili. Alipoinuka alimtazama Kapteni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Macho yake hayakuwa na hasira, na Priscah, aliyekuwa ameona hasira nyingi katika kazi yake, angependelea hasira.

"Kapteni, mimi nitatoka," alisema. "Asubuhi nilikuwa nasema hapa kila mtu ananijua. Sasa na mimi nimewajua. Lakini sitatoka leo. Leo nikitoka, natoka kama mwizi. Nitakaa mpaka siku nitasema mwenyewe, na siku hiyo wewe utakuja kunibebea hiki kitanda."

Ng'eno aliitikia kwa kichwa. Kisha akainama akashika upande mmoja wa gunia la nguo, akasubiri, na baada ya muda Ooko akashika upande wa pili, wakaliingiza ndani.